Sikumuuliza Kalondu

Kanyangi,
4 Februari 2024

Kwako Susu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na magoti yako na yule ng'ombe mkaidi. Mimi sijambo, ni joto tu linalonimaliza. Huku Kanyangi hakuna ule umande wetu wa Mbooni. Ikifika saa nne asubuhi bati la zahanati linaanza kupasuka pa! pa! na wagonjwa wanahama benchi kufuata kivuli.

Jumapili nilikupigia simu, ukasema "Haloo" mara tisa kisha ukakata. Nimekubali sasa kwamba masikio yamegoma. Basi tuandikiane. Muthama amesema kila siku ya soko akileta maparachichi huku atanipitia, achukue barua yangu na aniletee yako. Ndiye posta wetu. Ukimwona mpe chai.

Kazi ya unesi naipenda. Siku ya Alhamisi ni ya watu wa presha na sukari, na nimeshajua majina ya karibu wote. Shida yangu ni mwenzangu Syokau. Huyo dada anaomba kwa sauti asubuhi mpaka dawa zinatikisika kwenye rafu, halafu kila siku anachelewa dakika arubaini na mimi ndiye napokea foleni. Nikimwangalia amefumba macho akiita Bwana, moyoni nasema, "Mnafiki huyu." Nisamehe, lakini ndivyo ninavyosema.

Kuhusu sala usiwe na wasiwasi. Ya asubuhi nasali. Malaika wa Bwana saa sita nasali hata nikiwa na sindano mkononi. Rozari ndiyo hunishinda, nafika fungu la tatu macho yanafunga. Wewe umenilea peke yako tangu nikiwa mchanga, baada ya yule aliyenizaa kunitupa na kwenda zake, na sijawahi kukuona ukiruka rozari hata siku moja. Unafanyaje, Susu?

Ni mimi mjukuu wako,
Kavata


Mbooni,
15 Februari 2024

Wakya, mwana wakwa?

Najua salamu umeiitikia "Aa" hapo ulipo. Nashukuru kwa barua. Nimeisoma mara mbili mimi mwenyewe, na mara ya tatu nimemsomea ng'ombe pale ulipomtaja. Magoti yanauma lakini bado nayapiga kusali. Mvua bado. Jana tumepakwa majivu, na Padre alipoona jinsi ninavyopanda ngazi akashuka yeye kunifuata. Niliona haya.

Kuhusu rozari, usisali ukiwa umelala kitandani, ndiyo maana unalala. Kaa kwenye kiti kisicho na mgongo.

Na kuhusu huyo Syokau, umemuuliza kwa nini anachelewa? Muulize. Halafu nikupe kitu ninachofanya mimi. Fungu la tatu la rozari yangu si langu. Kabla ya kulianza nataja jina la mtu mmoja ambaye siku hiyo nimemfikiria vibaya, na zile Salamu Maria kumi zote ni zake. Unaanza umemkasirikia. Ukifika ya saba unakuta huna nguvu ya kukasirika. Kwaresima hii jaribu.

Usiwahukumu watu, Kavata. Kuhukumu ni rahisi kuliko kupika uji, ndiyo sababu kila mtu anaweza.

Nimempa Muthama chai na viazi vitamu. Amekula vyote na kuomba vingine.

Susu wako


Kanyangi,
9 Machi 2024

Susu mpendwa,

Hujambo? Magoti je? Mimi ni mzima wa mwili.

Nilimuuliza Syokau. Nilidhani ataniambia ana mgonjwa nyumbani, niingiwe na huruma kama ulivyotaka. Akacheka akasema, "Kavata, mimi napenda kulala tu." Nikacheka pia. Siku hizi nampigia simu saa kumi na mbili kumwamsha, na anachelewa dakika ishirini. Fungu lako la tatu limefanya kazi nusu.

Lakini hilo silo linalonifanya niandike.

Alhamisi iliyopita nilikuwa naita kadi za watu wa presha. Nikachukua moja: Kalondu Ndeti. Mwaka wa kuzaliwa 1981. Alikozaliwa, Mbooni. Nikalisoma tena kimoyomoyo kabla ya kulitoa mdomoni. Nilipoliita, alisimama mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha buluu, na Susu, alikuwa na kidevu changu. Kidevu hiki hiki unachosema ni cha marehemu babu.

Aliketi. Nikamfunga mkono kupima presha. Alikuwa anaangalia jina kwenye sare yangu, halafu uso, halafu jina. Akasema polepole, "Daktari, wewe umetoka Mbooni?"

Nikamwambia, "Presha iko juu, mama. Punguza chumvi. Dawa chukua pale dirishani. Songa, wengine wanangoja."

Nilimwita mama jinsi ninavyomwita kila mgonjwa wa kike, na nikaona akishtuka kama amechomwa. Akachukua kadi yake akaenda. Nilihudumia watu kumi na saba baada yake na sikukosea hata dozi moja.

Nakuambia ujue kwamba ulinilea vizuri. Sikumtukana. Nilimhudumia kama mtu yeyote. Lakini fungu la tatu sikumpa, na sitampa. Mwanamke anayeacha mtoto wa miezi minane aende kutafuta raha zake Mombasa, huyo Mungu atamhukumu bila mimi kusaidia.

Wewe ndiye mama yangu. Wa kutosha.

Mjukuu wako,
Kavata


Kanyangi,
2 Aprili 2024

Susu,

Mbona kimya? Muthama amekuja mara mbili mikono mitupu. Anasema uko mzima, kwamba alikukuta umekaa nje na kalamu mkononi, na ulipomwona ukaiweka chini. Pasaka imepita bila neno lako. Nimekukosea?

Mvua imeanza huku. Niambie tu kwamba u mzima.

Kavata


Mbooni,
11 Aprili 2024

Mwanangu Kavata,

Mimi ni mzima. Hujanikosea kitu. Hii ni karatasi ya tano, zile nyingine nimewashia moto.

Kalondu hakukutupa. Mimi ndiye nilimfukuza.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa na sitajipaka mafuta. Babu yako alikuwa ametangulia mwaka mmoja. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo, wanawake wananiogopa kidogo, nami napenda kuogopwa. Mama yako alikuwa na miaka ishirini, amekuzaa bila ndoa, na baba yako ni fundi aliyekuja kujenga tangi la maji la kanisa akaondoka kabla halijakauka. Hayo niliyameza. Kalondu akapata kazi ya kuosha vyombo hotelini Kikima, na wewe nabaki nawe mgongoni.

Siku moja wanawake wawili wa jumuiya wakatoka sokoni wakaniambia wamemwona asubuhi akitoka mlango wa baa iliyo jirani na ile hoteli, pamoja na mwanamume. Jioni hiyo jumuiya ilikuwa inasali kwangu. Tulikuwa tumemaliza fungu la tatu Kalondu alipofika mlangoni, na pakiti ya maziwa mkononi. Sikungoja watu waondoke. Nilimwambia mbele yao wote, "Hii ni nyumba ya sala. Mtoto ni wa nyumba hii. Wewe rudi ulikolala. Mimi sina binti."

Akasema, "Mama, niulize basi. Niulize tu."

Nikasema, "Fungu la nne." Nikaendelea na rozari. Watu wakaitikia.

Alisimama pale mlangoni mpaka katikati ya litania. Nilipoinua kichwa hakuwapo.

Mpaka leo sijui kama yale waliyosema yalikuwa kweli. Wale wanawake wote wawili ni marehemu sasa. Sikumuuliza Kalondu, na sasa naona kwamba hata kama yalikuwa kweli yote, bado alikuwa binti yangu akiwa na maziwa mkononi.

Ulipokuwa na miaka mitano alikuja tena, Jumamosi Kuu, amekuletea gauni. Nilimwona akipanda njia nikateremka kumzuia kwenye mahindi ili usimwone. Nikamwambia umemsahau. Gauni nikalipeleka parokiani kwa maskini. Nawe uliponiuliza mama yako yuko wapi, nilikuambia yuko Mombasa, ana familia nyingine, hakutaki. Nilikuambia mara nyingi. Wewe ukaamini kwa sababu sikuwahi kukudanganya kuhusu kitu kingine.

Uliniuliza nafanyaje nisikose rozari. Fungu la tatu ni la nani, hukuniuliza, lakini nitakuambia. Miaka ishirini na mitatu limekuwa la Kalondu. Kila siku nilimwombea aongoke. Nilijiona mwema kwa hilo! Barua yako ilipofika, nikasoma ulivyomwambia "songa, wengine wanangoja," nikasikia sauti yangu mwenyewe. Hapo nikajua kwamba haikuwa sala. Ilikuwa mashtaka, namsomea Mungu kila jioni nikiwa nimepiga magoti.

Nimekwenda kuungama. Padre amenipa kitubio kisha akasema, "Mama, Mungu amekusamehe. Lakini kuna watu wawili ambao mimi siwezi kusema kwa niaba yao." Wewe ndiye wa kwanza ninayekuandikia, kwa sababu anwani yako ndiyo ninayo.

Sikuombi kitu.

Susu wako


Mbooni,
19 Mei 2024, Pentekoste

Wakya, Kavata?

Maharagwe yamefanya vizuri. Ng'ombe amezaa ndama jike. Muthama anasema alikupa barua yangu mkononi, ukaisoma ukiwa umesimama, ukaingia ndani. Najua basi kwamba imefika.

Nitaendelea kuandika. Wewe usijione una deni la kujibu.

Susu wako


Mbooni,
30 Juni 2024

Mwana wakwa,

Huku kuna baridi na ukungu, mlima wote umefunikwa. Mimi sijambo. Nimeacha uenyekiti wa jumuiya, ameuchukua Nduku, anaimba vizuri kuliko mimi.

Nakusalimu tu.

Susu


Kanyangi,
21 Julai 2024

Kwa Susu,

Habari za huko. Mimi ni mzima.

Nimekaa miezi mitatu bila kukuandikia na nilikusudia kukaa zaidi. Nilikuwa na hasira mpaka Syokau, yule yule, akaniuliza nani amekufa. Rozari niliitundika msumarini nikaiacha. Kila nikiishika nilikusikia ukisema "Fungu la nne." Nilijiuliza ni mtu wa aina gani anaweza kusali akimwangalia mtoto wake amesimama mlangoni. Nikakuhukumu, Susu. Nilikuhukumu asubuhi, mchana na jioni, kwa bidii kuliko nilivyowahi kusali.

Mwezi wa nne tarehe ya kliniki ya Kalondu ilipofika, nilibadilishana zamu na Syokau nisimwone. Mwezi wa tano nikafanya hivyo tena. Mwezi wa sita Syokau akakataa. Alisema, "Yule mama huacha watu wote wampite kwenye foleni mpaka abaki peke yake, halafu anaingia, anakuta ni mimi, na uso unamwanguka. Mimi siwezi kuuona tena uso ule. Kaa wewe."

Nikakaa. Alingoja mpaka benchi ikaisha. Akaingia akasema, "Nimekuja kupima presha tu, daktari. Sitakusumbua." Nikampima, ikawa mia moja na tisini. Nikamfungua mkono, nikasema lile la kipumbavu kabisa: "Susu anasema hukunitupa."

Hakulia. Alishusha mkono wa nguo aliokuwa ameupandisha. Kisha akaniambia, "Mama yangu alinifukuza siku moja. Zile siku nyingine zote nilikaa mbali mimi mwenyewe."

Ameolewa, Susu. Mume wake ni Musyimi, anachoma matofali, ni mtu mpole. Wana watoto wawili, msichana na mvulana. Anasema baada ya ile Jumamosi Kuu angeweza kurudi akiwa na chifu, au na wazee, au mwenyewe tu apige kelele mpaka nisikie. Hakufanya hivyo. Kwanza aliona haya. Halafu alikuwa hajamwambia Musyimi kwamba ana mtoto, na kila mwaka uliopita ulifanya kumwambia kuwe kugumu zaidi. Alimwambia mwaka wa sita wa ndoa yao. Musyimi alimuuliza tu, "Anaitwa nani?"

Mimi nikaanza kukusema vibaya. Nilifikiri atafurahi. Akaninyamazisha kwa mkono, hivi, kama wewe unavyofanya. Akasema, "Huyo ni mama yangu. Amekulisha, amekusomesha, na wewe unamsema mbele yangu? Mimi sijakutuma uniamulie kesi."

Susu, nilitaka nipate mmoja wa kulaumu. Wewe au yeye, yeyote, mradi awe mmoja nipumzike. Sikumpata.

Tangu siku hiyo nimemtembelea mara tatu. Mara ya kwanza nilikaa karibu na mlango. Mara ya tatu nilipika.

Bado nina hasira na wewe. Inakuja na kuondoka kama malaria. Lakini Jumapili iliyopita niliitoa rozari msumarini, na nilipofika fungu la tatu nikataja jina lako. Sikukuombea uongoke. Nilisema tu, "Huyu hapa ni Susu," nikaendelea. Ndicho nilichoweza.

Nilimuuliza kama angependa kukuona. Akasema kwamba anakumbuka siku ya Kupalizwa Bikira Maria jumuiya huja kusali kwetu, na kwamba angependa kuja siku hiyo, mbele ya watu, kwa kuwa ni mbele ya watu alipoondolewa. Anaogopa. Mimi niko zamu tarehe hiyo na nadhani ni vizuri nisiwepo. Musyimi atamlipia njia. Kama hutaki, mwambie Muthama sasa.

Punguza kubeba maji na hayo magoti.

Mjukuu wako,
Kavata


Mbooni,
17 Agosti 2024

Wakya, mwana wakwa mpenzi?

Nimepata barua yako, na hukusema neno la kunisamehe, na nimeshukuru kwamba hukusema usichokuwa nacho. Afya yangu ni nzuri. Leo hata magoti hayaumi, au yanauma nami nimesahau kuyasikiliza.

Amekuja.

Tulikuwa watu kumi na wawili sebuleni, Kilonzo katekista akiongoza. Nilikaa nikitazama mlango lakini ukaja wakati wa Salamu Malkia nikafumba macho, si unajua tabia yangu. Masikio haya hayakunisaidia. Nilijua tu kwamba kuna jambo kwa sababu midomo ya watu iliacha kwenda. Nikageuka. Amesimama pale pale mlangoni, mtu mzima, amekonda, na kidevu cha baba yake.

Nilikuwa nimepanga maneno wiki tatu. Yote yalitoroka. Nikasimama kwa kushika meza, nikawaambia wale watu, kwa sauti kubwa kwa kuwa sijui sauti yangu inafika wapi siku hizi: "Wengine wenu mlikuwa hapa. Nilisema sina binti. Nilisema uongo katikati ya rozari. Huyu ni Kalondu, binti yangu, na nilimkosea, na hata siku ile hakuna aliyeniambia nimuulize isipokuwa yeye mwenyewe."

Nikataka kupiga magoti mbele yake. Kalondu akavuka chumba mbio akanishika kwapani. Kilonzo ananiambia alisema, "Mama, kaa, utaanguka." Mimi nilihisi tu mikono yake. Ina nguvu. Ni mikono ya mtu aliyefanya kazi.

Watu wakaondoka taratibu, Nduku wa mwisho, akilia kuliko sisi wenye msiba wetu. Tukabaki wawili.

Kavata, nilitaka kumuuliza. Swali lenyewe lilifika mpaka kwenye meno: ile asubuhi, ule mlango wa baa. Nikaona kwamba leo si mimi wa kuuliza. Akitaka ataniambia. Nikamuuliza watoto wake wanakula nini, na Musyimi anamtendea vipi. Alinijibu kwa sauti kubwa na kwa vidole. Tulizungumza hivyo, tukipigiana kelele kama watu walioko ng'ambo mbili za mto.

Nilikuwa nimepika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, na kuchinja kuku. Tulipokaa kula nikakumbuka kwamba yeye sasa anasali kanisa la mume wake, si letu. Miaka ya nyuma ningekuwa na mengi ya kusema. Nikamwambia, "Ombea chakula wewe, jinsi mnavyoomba kwenu."

Akaomba. Unajua watu wa kanisa hilo wanavyoomba, kwa Kikamba, kirefu, mpaka mvuke wa chakula ukaisha. Sikusikia hata neno moja kwa sababu alikaa upande wa sikio lililokufa kabisa. Niliangalia midomo yake. Niliona jina lako mara mbili, na la baba yake mara moja, na mara nyingi aliniangalia mimi. Alipovuta pumzi nikafikiri amemaliza, nikasema "Amina!" Akafumbua jicho moja, akacheka, akaendelea. Nami nikacheka. Chakula kilikuwa baridi na sijawahi kula kitu kitamu namna ile.

Hatukumaliza kila kitu. Kulikuwa na vitambo ambavyo aliangalia pembeni, na uso wake ukawa mgumu, nikamwacha awe hivyo. Ana haki. Hakutaka kulala. Aliingia chumba chenu cha zamani akatoka upesi.

Saa tisa nikamsindikiza mpaka barabarani. Ni mteremko, unajua, na mimi natembea kama kinyonga. Hakuharakisha. Bodaboda ilipofika nikamwambia asalimie wanawe. Akainama mpaka kwenye sikio langu hili zuri, akasema, "Nitawaleta uwaone mwenyewe."

Hilo nililisikia.

Nyanya yako na mama yake Kalondu,
Susu